Burgi Afuata Kitambaa Mjini

Kama ungemwona Burgi asubuhi ile ya Jumamosi, amesimama katikati ya mji mkongwe wa Innsbruck kaelekeza uso kwenye Paa la Dhahabu, ungedhani ni mtalii kama watalii wengine. Lakini wenzake walikuwa wametoa simu wanapiga picha. Yeye alikuwa amekunja uso, mkoba wake mkubwa ameukumbatia kifuani, na kila baada ya muda anatupia jicho saa ya mnara.

"Ni vigae, mwanangu," akasema. "Vigae vya shaba vimepakwa dhahabu. Nimeviona. Haya, twende dukani."

"Mama, hata hatujasimama vizuri," akasema Magdalena, binti yake.

"Tusimame tufanye nini? Paa ni paa. Kwetu nako kuna mapaa."

Magdalena akacheka, ila kicheko chenyewe kiliishia midomoni. Akamshika mama yake mkono akamgeuza upande wa kanisa la masanamu, na kanisa hilo, kama unavyojua au hujui, haliko upande wa duka la vitambaa.

Burgi alikuwa na jambo moja tu lililomleta mjini. Alikuja kununua kitambaa cha gauni la harusi ya Magdalena. Harusi ilikuwa Septemba, na sasa ni Mei, na gauni la kwetu, dirndl, si kitu cha kulipua. Kifua chake hubana mwili kama ngozi, marinda ya kiunoni hukunjwa kwa mkono moja baada ya jingine, na mbele huja aproni ya hariri ambayo ikikosewa rangi gauni zima limeharibika. Mama yake Burgi alimshonea Burgi gauni lake la harusi. Burgi aliapa kumshonea Magdalena, na alikuwa ameanza kulishona kichwani tangu mtoto yuko darasa la tatu.

Si kwamba ushonaji ndio kazi yake. Kazi yake ni upishi, katika nyumba ya wazee huko kwetu bonde la Villgraten. Ushonaji ni ugonjwa wake. Akirudi kazini hajavua hata koti, mguu uko kwenye cherehani. Mumewe Vinzenz alishazoea kula supu huku amezungukwa na vipande vya kitambaa, na alishazoea kuchomwa na pini akivaa soksi. Mabinti wote wa bendi ya kijiji wamevaa mkono wa Burgi, na wala hakuwatoza. Aliwatoza uvumilivu, maana ukisimama mbele yake kupimwa utasimama mpaka miguu ife ganzi.

Sasa vidole gumba vyake vilikuwa vimeanza kumsaliti. Akishika mkasi mzito anang'ata meno. Daktari alimwambia apunguze kushona, naye akamjibu daktari kwamba atapunguza baada ya harusi. Alijua, na sisi majirani tulijua, kwamba hili ndilo gauni kubwa la mwisho atakaloweza kulimaliza. Ndiyo maana alikuwa na roho juu namna ile.

Mtu angeuliza, kwa nini asiagize kwa simu. Aliulizwa. Alisema picha haina uzito, na yeye hajawahi kununua hariri ambayo hajaikunja kiganjani. Na hariri aliyoitaka, ya zambarau iliyofifia kidogo, ilipatikana kwenye duka moja tu nyuma ya kanisa kuu la Innsbruck, duka ambalo Jumamosi hufungwa saa sita mchana. Jumapili, katika nchi yetu, hata sindano huipati. Siku za kazi Burgi yuko jikoni na wazee wake wanasubiri uji. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa nafasi yake, hana nyingine.

Alikuwa amefika Ijumaa jioni kwa basi. Magdalena alimpokea kituoni, akambebea mkoba, na kabla hawajafika nyumbani alishaanza kumpangia matembezi.

"Mama, kila ukija mjini unakimbilia dukani unarudi. Hujawahi kuuona mji huu. Safari hii nataka nikutembeze."

"Nitembeze, sikatai. Lakini duka kwanza."

"Duka tutapitia. Tusianze kugombana."

"Nani anagombana? Florian yuko wapi?"

Florian ndiye mchumba. Alikuwa fundi wa magari ya waya, yale yanayoning'inia juu ya mabonde na kuwapandisha watu milimani. Magdalena akasema yuko zamu, juu kwenye barafu, mpaka Jumatatu.

"Kijana mchapakazi," akasema Burgi, akaingia moja kwa moja kwenye habari za kola.

Ndani ya mkoba alikuwa na gauni la majaribio. Mshonaji mwenye akili zake hathubutu kukata hariri kabla ya kujaribisha, basi Burgi alichukua shuka kuukuu, akakata, akashona gauni zima, na aproni juu yake, kwa vipimo alivyompima binti yake Krismasi. Usiku ule alitaka Magdalena alivae. Magdalena akasema amechoka, tangu asubuhi alikuwa amesimama dukani kwao anakouza miwani. Burgi akalirudisha mkobani akalala na kinyongo.

Ndiyo hivyo Jumamosi ikaanza na Paa la Dhahabu, na baada ya paa likafuata kanisa la masanamu. Humo ndani kuna kaburi la mfalme wa zamani, na pembeni yake yamesimama masanamu meusi ya shaba, wanaume na wanawake, marefu kuliko binadamu. Hapo, lazima niseme kweli, Burgi alisahau hasira kwa muda. Alisogea kwenye sanamu la mwanamke mmoja akakazia macho mikono ya gauni lake.

"Hebu ona, Lena. Aliyemwaga shaba hii alijua kushona. Ona rinda linavyoanzia hapa begani. Na huyu hapa pembeni mshono wake umekaa upande, fundi wake alikuwa mlevi."

Akanyoosha mkono apapase lile rinda. Mlinzi akakohoa.

"Mama, haturuhusu kugusa," akasema mlinzi.

"Sigusi, nakagua."

"Basi kagua kwa macho."

Magdalena akacheka, safari hii kweli, na Burgi akamwangalia, akaona jinsi uso wa binti yake ulivyo mwembamba, akafikiria kwamba kola ya juu haitamfaa. Kisha akakumbuka duka. Walipotoka nje muda bado ulikuwepo wa kutosha. Duka lilikuwa mwendo wa kupiga miluzi miwili.

Lakini nje kulikuwa kumebadilika. Upepo wa joto ulikuwa umeanza kuteremka kutoka kusini, ule tunaouita Föhn, unaowaumiza watu vichwa na kuwafanya wagombane na wake zao. Milima ilionekana imesogea, theluji yake iko wazi kabisa. Magdalena akaitazama akasema lazima wapande sasa hivi, maana mawingu yakija hawataona kitu.

"Duka, Magdalena."

"Tunapanda na kushuka, mama. Ni karibu. Tukishuka tunaingia dukani, na unakaa humo mpaka wakufukuze."

"Na tukichelewa?"

"Hatuchelewi. Nimeishi hapa miaka, mimi sijui?"

Burgi akakubali. Alikubali kwa sababu binti alimwomba kwa sauti ambayo hakuizoea, sauti ya kubembeleza kabisa, na mama hata awe na kichwa kigumu vipi hana dawa ya sauti hiyo. Wakapanda treni ndogo ya mlimani, wakashuka, wakaingia kwenye gari la waya, wakaning'inizwa juu ya misonobari na mawe mpaka kituo cha juu. Burgi muda wote alikuwa amefumba macho anasali rozari yake, na kati ya punje moja na nyingine anafikiria hariri.

Mandhari ilikuwepo, nani atabisha. Mji mzima ulikuwa chini yao, mto Inn umepita katikati, paa kwa paa. Burgi akalitafuta kanisa kuu, akalipata, akahesabu nyumba za nyuma yake, akasema, "Lile pale. Duka lile pale. Sasa nimeliona, tushuke."

Walipofika mlangoni gari la waya lilikuwa limefungwa. Mwanaume mwenye masharubu na koti la kampuni alikuwa anaweka mnyororo.

"Upepo, mama," akasema. "Hakuna kinachoshuka mpaka utulie."

"Utatulia saa ngapi?"

"Ukimpata anayejua, nami niitie."

"Na mimi nashukaje?"

"Njia ya miguu ipo. Una miaka mingapi?"

"Ya kutosha kukuzaa wewe."

"Basi kaa unywe supu," akasema yule mwanaume, na hapo ndipo alipomwona Magdalena nyuma. Masharubu yakatulia. "Magdalena. Sikukuona. Tulisikia, bwana. Pole sana."

"Asante, Gebhard," Magdalena akasema upesi.

"Pole ya nini?" Burgi akauliza.

"Ya kukwama huku, mama. Twende tukale."

Wakaingia mgahawani. Upepo ulikuwa unapiga madirisha, watu wamejazana, kila mtu kichwa kinamgonga. Magdalena aliagiza supu zenye madonge ya jibini. Yake hakuimaliza. Burgi hata hakuigusa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akitazama chini kwenye nyumba ile moja, akihisi kabisa jinsi huko watu wengine wanavyoingia, wanakunjuliwa hariri, wanakatiwa. Akili ilimwambia zambarau ile imebaki kidogo na kuna mwanamke fulani mnene ameishika. Akamchukia mwanamke huyo ambaye hayupo.

"Wewe huna haraka," akamwambia binti yake.

"Haraka itanisaidia nini, mama? Mimi ndiye ninayepuliza upepo?"

"Sikusema unapuliza. Nimesema huna haraka. Bibi harusi gani huyu? Mimi wakati wangu sikulala wiki nzima."

Magdalena akageuza kijiko kwenye supu.

Kengele za mjini zilipopiga saa sita, zilifika kule juu zikiwa hafifu, lakini Burgi alizisikia zote. Muda si mrefu baadaye upepo ukatulia na gari la waya likafunguliwa. Alishuka wa kwanza. Walipofika chini alikuwa anakimbia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mkoba unampiga nyonga, anapenya kati ya watalii bila samahani, na Magdalena nyuma anamwita.

Duka lilikuwa limefungwa. Ndani taa zilikuwa bado zinawaka na mwanamke mmoja alikuwa anafagia nyuzi. Burgi akagonga kioo. Mwanamke akaonyesha kibao cha saa za kazi. Burgi akagonga tena. Mwanamke akaja, akafungua ufa mdogo wa kupitisha pua.

"Tumefunga, mama."

"Najua. Nilikuwa mlimani nimezuiwa na upepo. Nifungulie kidogo tu, ninajua ninachotaka. Hariri ya aproni, zambarau iliyofifia, ile isiyong'aa sana. Ni ya harusi ya mwanangu huyu hapa."

Mwanamke akamtazama Magdalena. "Hongera, binti. Harusi lini?"

Magdalena akatazama chini.

"Septemba," Burgi akajibu. "Nifungulie, dada yangu. Nimetoka Villgraten. Kwa basi."

"Ningependa. Lakini hesabu ya siku imeshafungwa, na mwenye duka ameshaondoka. Nikikufungulia wewe, yule aliyegonga kabla yako nitamwambia nini? Njoo Jumatatu."

"Jumatatu nina wazee arobaini wanaongoja chakula."

"Basi Jumamosi nyingine," akasema yule mwanamke, kwa upole, na ule ufa ukazibika.

Burgi akabaki ameshika kitasa. Kwenye dirisha, nyuma ya kioo, ile hariri ilikuwa imetandikwa juu ya kifua cha sanamu la mbao. Zambarau ileile, tena nyingi. Machozi ya hasira yakamjaa, akayameza, akageuka.

"Umefurahi?" akamwuliza binti yake.

"Mama, tafadhali. Tuko barabarani."

"Nakuuliza umefurahi? Nimeona paa. Nimeona masanamu. Nimeona milima, mimi niliyezaliwa mlimani, nimeletwa mjini kuonyeshwa milima. Kitu kimoja nilikuomba, Magdalena. Kimoja."

"Nilisema pole."

"Hukusema."

"Basi pole."

"Kaa nayo," akasema Burgi, wakarudi nyumbani bila neno, na jioni wakala mkate na jibini kila mtu na upande wake wa meza.

Jumapili kengele zilianza mapema, zote za mji kwa mpigo, na baada ya misa Burgi hakutaka kuambiwa habari ya mto wala bustani ya wanyama. Basi lake lilikuwa alasiri. Alifungua mkoba, akatoa gauni la shuka, akalitandaza kitandani.

"Utalivaa. Hata kama sina hariri, nirudi na vipimo. Hili huninyimi."

Magdalena alisimama mlangoni kwa muda. Kisha akavua blauzi akalivaa. Burgi akamsimamisha mbele ya kioo cha kabati, akapiga magoti, akatia pini midomoni, akaanza kazi.

Akaudhika papo hapo. Gauni lilikuwa linapwaya. Kiunoni palibaki kitambaa cha kushika vidole vitatu, upande huu na upande ule, na kifuani pamekuwa kama gunia. Yeye Burgi, ambaye kijiji kizima kinaapa kwa vipimo vyake. Akabana pini, akabana nyingine, akinung'unika kwa pembe ya mdomo.

"Futi hii ya kupimia nitaitupa. Imevutika. Haiwezekani nimekosea hivi. Simama wima."

"Nimesimama wima."

Akamaliza kiuno, akachukua aproni, akaizungusha, akaifunga fundo kubwa kwa mbele, upande wa kulia. Akasimama kwa taabu, magoti yakalia, akaenda kuchukua pini nyingine kwenye meza ya jikoni. Aliporudi akakuta fundo liko kushoto.

Sasa kwetu fundo la aproni linazungumza. Kulia, mwanamke huyu ana mume au ana mchumba, usimsumbue. Kushoto, hana mtu. Nyuma, ni mjane, au ni mhudumu anayebeba bia. Hata mtoto wa chekechea anajua, na vijana kwenye sherehe wanaangalia fundo kabla hawajaangalia uso.

"Umeanza kusahau," akasema Burgi. "Mji umekuharibu. Kioo hicho kinakuchanganya, kinachoonekana kulia ni kushoto." Akafungua, akalifunga tena kulia, akalivuta masikio yake yakae sawa.

Magdalena akalifungua polepole. Akalifunga kushoto.

"Wee mtoto, unanitania? Nina basi la kuwahi."

Akanyoosha mkono alihamishe tena. Magdalena akaushika ule mkono, kwenye kifundo, akaushikilia hapo.

"Mama, kioo hakijanichanganya."

Burgi akamtazama kwenye kioo. Midomoni alikuwa na pini nne. Ilibidi azitoe moja moja, azichome kwenye mto wake mdogo wa mkononi, ndipo apate mdomo wa kusemea, na muda huo ulitosha kwa kila kitu kumwingia kichwani.

"Tangu lini?"

"Wiki ya Pasaka."

"Pasaka? Pasaka hii iliyopita?"

"Hii."

"Nani kamwacha nani?"

"Yeye ameniacha. Alisema akifikiria Septemba anakosa pumzi. Akachukua viatu vyake vya kuteleza kwenye theluji na gitaa, akahamia kwa kaka yake."

"Na zamu ya barafuni?"

"Sijui kama ana zamu, mama. Sijui yuko wapi."

Burgi akaketi kitandani. Hasira ilimpanda, na kwa sababu Florian hakuwepo ikamwangukia aliyekuwepo.

"Na jana. Ukanipandisha kule juu. Ukanikimbiza mji mzima. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nataka duka lifungwe."

"Unasema hivyo machoni pangu?"

"Nitasemaje tena? Ungenunua ile hariri, wangekukatia, ungeikunja ukaiweka kifuani ukafurahi. Halafu ndiyo nikwambie? Nilisema ngoja saa sita ipite. Kila mahali nilipokupeleka nilitaka nikwambie. Kanisani nilikuwa nakwambia, ukaniita nitazame rinda."

"Ungenipigia simu. Tangu Pasaka huna simu?"

"Tunaongea kila Jumapili, mama." Magdalena alikuwa bado amesimama mbele ya kioo, ndani ya lile shuka, pini zimemzunguka kiuno chote, hawezi hata kuketi. "Jumapili ya kwanza, yeye ameondoka jana yake, mimi sauti hata haitoki. Ukaniuliza nimeamua lesi nyeupe au ya rangi ya maziwa. Nikasema ya maziwa."

"Mbona ulijibu?"

"Kwa sababu ndicho ulichouliza."

Burgi akafungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi, maana hajawahi kukosa jibu, tunamjua. Alitaka kusema kwamba mama hawezi kujua asichoambiwa. Alitaka kusema kijiji kizima kimealikwa, bendi imeshaambiwa, padri ameandika tarehe. Alitaka kumtukana Florian na kaka yake na gitaa. Macho yake yakatua kiunoni, kwenye pini zake mwenyewe. Zilikuwa nyingi mno. Zilipita kwa mstari kutoka kwapa hadi nyonga, upande wa kulia na wa kushoto, na shuka lililobaki limekunjamana nje yake kama sikio.

"Niliona umepungua," akasema. "Tangu jana kanisani niliona. Na hapa nimeshika kwa mikono yangu. Nikailaumu futi."

Magdalena akaanza kulia, kimyakimya, amesimama vilevile, kwa sababu akiinama pini zingemchoma. Burgi akainuka, akaanza kuzitoa. Vidole gumba vilikuwa vinamuuma vibaya sana siku hiyo na kila pini ilimkatalia kwanza. Hakumwambia anyamaze. Alipomaliza upande mmoja akazunguka akaanza mwingine, kisha akamvua lile gauni kwa juu, kama alivyokuwa akimvua utotoni, akamfunika blanketi, akamkalisha.

"Nitamwua," akasema.

"Huwezi. Yuko mbali."

"Basi hajui bahati yake."

Akaenda jikoni, akarudi na mkate na mayai, akasimama juu yake mpaka alipoona vinashuka. Bado alikuwa na hasira, msidhani imeisha. Alikuwa na hasira na Florian, na upepo, na yule Gebhard wa masharubu aliyejua kabla yake, yeye mama mzazi, na hasira kubwa kuliko zote alikuwa nayo kwa yule mwanamke aliyekuwa akiuliza lesi kwenye simu za Jumapili, yeye mwenyewe. Gauni halipo. Lile alilolishona kichwani miaka yote hiyo, na vidole vilivyobaki vilikuwa vya gauni hilo tu. Aliliona shuka limejikunja sakafuni, akaliruka kwa mguu.

Simu yake ikaita. Alikuwa Vinzenz, kutoka nyumbani.

"Basi lako linafika saa ngapi, nije nikupokee? Na kitambaa mmepata? Maana Zenzi wa ng'ambo ya barabara amekuja mara tatu anataka kujua rangi."

"Vinzenz, sirudi leo. Wapigie jikoni, waambie wazee wapikiwe na mtu mwingine."

"Kulikoni? Hamkupata kitambaa?"

"Acha kitambaa. Muulize mtoto hali."

"Hali gani?"

"Hali yake. Muulize tu, kisha nyamaza usikilize."

Akamwekea Magdalena simu sikioni. Sauti ya Vinzenz ilisikika mpaka nje, imepoa, imetahayari, sauti ya mzee ambaye kwa kawaida husalimia kupitia kwa mkewe.

"Lena? Hujambo, mwanangu?"

Magdalena akavuta pumzi, na Burgi aliliona lile jibu la kila siku, sijambo, baba, limefika kabisa kwenye midomo yake. Halikutoka.

"Hapana, baba," akasema. "Sina hali."

Upande wa pili kulikuwa kimya. Burgi akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akaketi pembeni yake kusubiri amalize kuongea.